Mkuyu Aliouhamisha Fundi

Fundi hakuweza kutoka nyumbani mara moja. Alitoka mara tatu. Mara ya kwanza alifunga mlango, akafika kwenye bomba la maji la mtaa, akajipapasa mfukoni, akarudi kuutikisa mlango aone kama umefungwa kweli. Mara ya pili alirudi kuangalia kama kopo la tapentaini limefunikwa. Mara ya tatu alirudi bila sababu yoyote, akachungulia dirishani kama mtu anayeagana na mgonjwa, ndipo akaondoka. Akina mama waliokuwa bombani walimhesabia kwa sauti.

"Moja! Mbili! Bado moja, Fundi!"

Naye alipunga mkono bila kucheka, kwa sababu kwake halikuwa jambo la kuchekesha.

Hivyo ndivyo nilivyomjua nilipohamia Kaloleni, miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa kijana wa ishirini na kitu, karani wa mizigo bandarini Kisumu, na mlango wangu ulitazamana na wake. Aliniita Bwana Karani tangu siku ile, akaendelea kuniita hivyo hata baada ya mimi kuuacha ukarani na kufanya kazi nyingine nyingi katika miji ambayo sasa naichanganya majina.

Riziki yake ilikuwa mabango. Alichora herufi nyekundu zenye kivuli cheusi juu ya milango ya hoteli za chai, majina ya mabasi, na ubavuni mwa mitumbwi maneno ambayo wenyewe walimtajia na yeye akayasahihisha bila kuwauliza. Wakati mmoja mwenye bucha karibu na soko alimwagiza ng'ombe dume ukutani. Kazi ilipokwisha, mwenye bucha alisimama mbele ya ukuta muda mrefu.

"Fundi, hii ng'ombe mbona iko na huzuni?"

"Iko kwa bucha, mzee. Ulitaka icheke?"

Watu walicheka wiki nzima, na bucha lile likaitwa Kwa Ng'ombe Mwenye Mawazo. Lakini usiku ule, alikiri kwangu baadaye, hakulala. Aliogopa kwamba amemharibia mtu biashara. Alfajiri alirudi na kopo dogo la rangi nyeupe, akamwekea ng'ombe nukta ya mwanga kwenye kila jicho. Haikusaidia. Ng'ombe sasa alionekana kama anayetaka kulia.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yake mwenyewe. Baada ya ibada alivua koti, akatoa ubao mwembamba wa hadibodi, akafungua rangi zilizobaki katika makopo ya wiki, zile zile za milango na mabati, akachora mahali pamoja tu duniani. Palikuwa nyumbani kwao, ufukweni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Luanda Kotieno. Kulikuwa na nyumba ya mama yake ikitazama lango. Kulikuwa na simba yake, yaani kile kijumba ambacho kijana wa kiume hujengewa karibu na lango la boma la baba yake. Kulikuwa na ua wa ojuok, ule mmea wenye maziwa yanayochoma macho. Halafu ziwa, na ng'ambo yake vilima vya upande wa Mbita, viwili vikiwa vimeachana katikati kama meno ya mbele ya mtoto.

Na kulikuwa na mkuyu. Huo ulikuwa mpaka. Ukisimama na kulitazama ziwa, shamba lao lilikuwa mkono wa kushoto wa mkuyu, na la jirani mkono wa kulia.

Nilipoanza kukaa naye Jumapili, nilikuta anachora mkuyu huo kulia kabisa, pembeni mwa ubao, matawi yakining'inia juu ya maji. Nikamwambia nimewahi kupita huko na mtumbwi wa mizigo, na kwamba nilidhani mti ule uko karibu na boma lao.

"Uko karibu," alisema. Akaufunika upande wa kulia wa picha kwa kiganja. "Sasa tazama. Hapa pamekaa bure. Picha itaanguka upande huu. Si unaona inaanguka?"

Niliona, kweli. Alipoondoa kiganja, mti ulirudi na picha ikasimama wima.

"Kwa hiyo unauhamisha?"

"Mti haina miguu, Bwana Karani. Ndiyo maana Mungu aliumba mimi."

"Na vilima?"

"Ah, vilima siwezi gusa. Vilima iko na wenyewe."

Huyo huyo, mtu mwingine akimsifu, alijibu kwa ukali kwamba yeye haongezi wala hapunguzi, anaweka kilichopo. Nilimuuliza siku moja anawezaje kusema hivyo. Alikasirika, akaninyima chai, kisha jioni akanigongea mlango na chai yenyewe mkononi. "Kuhamisha si kuongeza," alisema. "Nimefikiria mchana wote. Si kuongeza." Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda hoja.

Picha ya kwanza aliyonipa haikuwa hivyo. Ilikuwa ndogo, imechorwa juu ya kifuniko cha sanduku la majani ya chai nilichomletea kutoka bandarini. Alikwenda nacho nyumbani likizo ya Krismasi, akachora akiwa amekaa pale pale mchangani, akanirudishia kama shukrani. Nikaitia ndani ya sanduku langu la bati, na kusema kweli sikuitazama sana. Kijana aliyekwisha kuanza kuota safari hana muda wa kuangalia nyumbani kwa mtu mwingine.

Kisha ziwa likaanza kupanda.

Waliokuwapo wanakumbuka. Mvua ilinyesha mpaka watu wakaacha kuizungumzia, na hata ilipokoma maji hayakurudi. Fundi alipiga mstari mwekundu kwenye nguzo ya gati, mahali maji yalipokuwa. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alipita bandarini kuuangalia. Wiki ya tatu mstari ulizama. Akapiga mwingine. Ulipozama wa nne alikuja mpaka mezani kwangu, viatu vimelowa, akasimama mbele ya vitabu vya mizigo kama mtu aliyekuja kuripoti wizi.

"Bwana Karani, hii maji inaenda wapi?"

"Inakuja, Fundi. Haiendi."

"Usinifanyie mzaha."

Maji yalichukua simba yake kwanza, halafu nyumba ya mama yake, halafu ua wote. Mama yake alihamishiwa mlimani kwa kaka mkubwa wa Fundi, akafa huko kabla ya mwaka kwisha. Ojuok ilioza. Mkuyu ulisimama ndani ya maji kama mtu anayeoga, majani yakapukutika, na siku moja haukuwapo tena. Fundi alikwenda kuona, akarudi Kaloleni. Jioni ile alitoka nyumbani mara tano.

Mkewe alikuwa amekufa kabla sijamjua, na mtoto hawakupata. Kwa watu wa kwetu huko ziwani, mwanamume ambaye hana nyumba katika ardhi ya baba yake ni kama barua isiyo na anwani. Anaweza kuishi mjini miaka hamsini, lakini siku ya kuzikwa watu wataulizana apelekwe wapi. Fundi hakulisema hilo moja kwa moja. Alisema tu, akiosha brashi, "Nitajenga tena, maji ikirudi." Alisema kila Jumapili, kwa sauti ya mtu anayeutikisa mlango aone kama umefungwa.

Katika miaka ile ndipo umaarufu wake ulipotokea. Watu waliofukuzwa na maji walianza kumjia. Walitaka maboma yao. Walikaa kwenye kiti changu nilichomwazima, wakafumba macho, wakamwelekeza ghala lilikuwa wapi, kaburi la babu wapi, mbuzi walilala wapi, naye akachora. Nilimwona mama mmoja mzee akiipapasa picha ambayo bado ilikuwa mbichi, mpaka vidole vikawa vya kijani, akisema, "Ni hapa. Ni hapa kabisa. Huyu mtu ana macho ya Mungu." Picha zake zikatundikwa katika nyumba za mlimani kote kando ya ghuba, pamoja na kalenda na picha za harusi. Ya kwao mwenyewe, ile kubwa yenye mkuyu kulia, ilitundikwa sebuleni kwa kaka yake.

Mimi niliondoka. Nilipanda meli nikaenda Musoma, halafu Mwanza, halafu kwingine. Kila niliporudi Kisumu nilimkuta anachora ufuko ule ule, mkuyu ukiwa kulia, hata kivuli chake nikakijua. Siku moja nilimuuliza kama anakumbuka mti ulikuwa upande gani kwa kweli. Alicheka. Halafu akaacha kucheka, akashika brashi hewani.

"Nakumbuka," alisema. Lakini hakuendelea kuchora siku ile.

Miaka kama kumi ilipita, maji yakarudi nyuma kidogo kidogo, yakaacha tope na mafunjo. Ardhi ya watu ikaonekana tena, ila haikuwa na alama hata moja. Na ndipo walipokuja wapimaji, na kamati ya wazee, na vigingi. Kila shamba lilikuwa liandikwe mwenyewe na liwekwe mpaka.

Nilikuwa Kisumu wakati huo, kati ya kazi na kazi. Fundi alinijia asubuhi, hakukaa.

"Ile picha ndogo nilichora nimekaa pale pale mchangani. Uko nayo?"

Sanduku langu la bati lilikuwa Mwanza, kwa mwenye nyumba niliyepanga kwake. Nilimwambia hivyo. Aliketi kwenye kizingiti.

Kaka yake, alinieleza, ameitoa ukutani ile picha kubwa. Ataipeleka mbele ya kamati kuonyesha mkuyu ulipokuwa. Jirani wa upande wa kulia alikuwa mjane, mama mwenye wavulana wawili wadogo, na kipande chake cha mtama kilikuwa katikati ya pale mti uliposimama na pale Fundi alipouchora. Picha ikiaminiwa, kipande chote kitakuwa cha ukoo wa Fundi. Na kwa nini isiaminiwe? Nusu ya wale wazee walikuwa na picha zake nyumbani.

"Si useme tu kwamba uliuhamisha," nikasema.

"Nitasema. Halafu wataniuliza, sasa ulikuwa wapi?" Alinitazama, na sijawahi kuona hofu iliyo wazi namna ile kwa mtu mzima. "Omera, ndugu yangu, mimi nafunga macho, naona uko kulia. Nimechora huko mara ngapi? Ule mti wa kweli nimeupaka rangi juu."

Meli ya Mwanza isingenirudisha kwa wakati. Kikao kilikuwa keshokutwa. Nilikwenda naye.

Walikaa katika darasa la shule ya msingi, wazee wakiwa wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mpimaji, kijana mgeni mwenye kofia, alikuwa mezani pa mwalimu. Mjane alisimama karibu na mlango na wanawe, kwa sababu hakuna aliyempa kiti. Kaka aliiegemeza picha kwenye ubao mweusi, akainua fimbo ya mwalimu na kuonyesha.

"Hapa ni mama yetu. Hapa ni lango. Na hapa, wazee, ni mkuyu. Huyu ndugu yangu mnamjua. Haongezi, hapunguzi."

Wazee waliitikia kwa koo. Mmoja alisema hata jiwe la kufulia liko pale pale. Mwenyekiti akamgeukia mjane.

"Mama, unasema nini?"

"Ninasema mti ilikuwa kwao karibu. Mume wangu alikuwa anafunga mtumbwi huko, si kwa mtama yangu."

"Uko na picha?"

Watu wakacheka. Mjane hakucheka, akamshika mwanawe mdogo begani.

Fundi alisimama. Alianza kuongea, akasita, akarudi kuketi, akasimama tena. Nikahesabu moyoni kama akina mama wa bombani. Mara ya tatu alikwenda mpaka mbele, akaweka kiganja chake juu ya mkuyu katika picha, kama alivyonionyesha zamani.

"Mkiondoa hii, picha inaanguka," alisema. "Ndiyo maana niliiweka. Haikuwa hapa."

Kisha kaka yake alisema kwa Kijaluo, halafu akarudia kwa Kiswahili ili mpimaji asikie, "Huyu mama amekulisha nini?"

"Ilikuwa wapi basi?" akauliza mwenyekiti. "Tuonyeshe."

Tulitoka wote mpaka ufukweni. Watu wa kamati walikwisha kuchimba kutafuta mizizi mahali patatu, wakapata mafunjo tu. Fundi alianza kutembea kutoka upande wa kulia kwenda kushoto, polepole, ziwa likiwa mbele yake. Alisimama. Akaendelea. Alitazama maji, akatazama miguu yake, akamtazama mjane, na mjane akatazama chini, maana angepepesa jicho tu wangesema wamepanga. Kando yangu kaka yake alikuwa akihema kama aliyekimbia.

"Hapa," Fundi akasema.

"Una hakika?"

Fundi alitazama tena miguu yake. Mpimaji alipiga kigingi.

Mjane alibaki na mtama wake. Jioni ile ile kaka alimwambia Fundi, mbele ya watu, kwamba aliyegawa ardhi ya baba yake hana pa kusimika nguzo ndani yake, akiwa hai au akiwa amekufa. Ndugu wengine walinyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa jibu. Picha kubwa ilibaki darasani. Nasikia walimu waliigeuza, wakaandika ratiba ya masomo nyuma yake.

Nilimsindikiza hadi Kisumu. Njia nzima hakulalamika kuhusu kaka yake. Alirudia swali moja tu, "Kama nimesimama vibaya, je?"

Nikaondoka tena, kama kawaida yangu. Miaka miwili baadaye nilifika Mwanza, nikalikuta sanduku langu chini ya magunia ya dagaa. Picha ilikuwa inanuka, lakini nzima. Niliipeleka dirishani. Mkuyu ulikuwa kushoto, karibu na ua wao, na shina lake lilisimama chini ya lile pengo la vilima viwili, sawasawa, kama uzi umevutwa. Niliruka kwa furaha peke yangu chumbani. Ilinichukua muda mwingine mrefu kuliko inavyostahili kuirudisha, na kwa hilo sijitetei.

Kaloleni niliambiwa amehama. Nikashuka Luanda Kotieno, nikatembea ile saa moja. Nilimkuta ufukweni, kwenye ardhi ya mjane. Alikuwa amepewa pembe ndogo karibu na kigingi, shemeji za mjane wakakubali, akajenga nyumba ya chumba kimoja. Huko kwetu mtu wa namna hiyo huitwa jadak, mgeni anayekaa kwa hisani katika ardhi ya wenyewe. Alikuwa mgeni mahali ambapo angenyamaza tu pangeitwa pake.

Mjane alikuwa anaanika mtama. Kabla sijamsalimu vizuri alinielekeza kwa kidole.

"Wewe ni rafiki yake? Mwambie awache huo mti ishike!"

Karibu na kigingi palikuwa na kijiti cha mkuyu kilichopandwa, chenye majani mawili. Kando yake, huku na huku, palikuwa na mashimo yaliyofukiwa. Nikahesabu matatu.

"Kigingi ni ya serikali, sigusi," Fundi alisema. Alikuwa amekonda, mvi zimefika nyusi. "Mti ni yangu. Nataka tu ikae ilipokuwa."

"Kila mvua anang'oa," mjane akasema. "Leo hatua mbili huku, kesho tatu kule. Hata mimi ningekauka."

Nikafungua gazeti nililoifungia picha, nikampa. Hakuutazama mti kwanza. Alitazama vilima katika picha, akainua macho akavitazama vyenyewe ng'ambo ya maji, akarudi kwenye picha. Kisha akaanza kutembea kwenda kulia, picha ikiwa imeinuliwa mbele ya kifua, mpaka akafika mahali ambapo pengo lilikaa kama lilivyokaa kwenye ubao. Akasimama. Akachora msalaba mchangani kwa kidole cha mguu.

Mjane alipima kwa hatua zake mwenyewe, kutoka kwenye kigingi mpaka msalabani.

"Sita," alisema. Alifikiri kidogo, akacheka kwa sauti. "Fundi! Ulinizidishia hatua sita! Haya, chukua zako. Nakurudishia, uhame nazo."

Yeye hakucheka. Aliinama akashika kile kijiti kwa mkono wake wa kulia, na mimi na mjane tukajua anakwenda kukitoa. Vidole vilizunguka shina jembamba. Alikaa hivyo muda mrefu. Mkono wa kushoto bado ulishika picha, na macho yake yalikuwa kwenye picha.

"Hii pia nilichora mimi," akasema mwishowe.

Akaachia. Alikusanya mchanga kwa viganja, akaulundika kwenye shina la kijiti pale pale kilipokuwa, akaushindilia kwa ngumi. Mjane alikwenda kuleta maji, akakimwagia.

Nilikaa siku mbili. Asubuhi ya kuondoka aliifunga picha katika gazeti lile lile, akanirudishia.

"Nenda nayo, Bwana Karani. Usiilete tena."

Alinisindikiza mpaka njia panda. Huko nyuma mlango wake ulikuwa wazi, nikamwambia.

"Najua," alisema, wala hakurudi.

Picha ninayo mpaka leo. Kila ninapohamia chumba kipya, na nimehamia vingi, hiyo ndiyo ninayoitundika kwanza, kabla ya kukunjua godoro. Halafu natoka kununua mafuta ya taa, nafika barabarani, narudi. Nachungulia dirishani kuona kama mti bado uko pale.